Kijino cha Kushoto

Mjomba Yeremia aliniita kwake Mgeta, milimani, nimwandikie orodha ya vyuma vya randa yake, na hata sijavua viatu vyangu vyenye tope akaniambia mstari wa mwisho utakavyosomeka.

"Kijino cha kushoto, kiliibwa na Luqmani. Andika hivyohivyo, mwipwa wangu. Na mwaka uweke."

"Ndiyo, mjomba." Mimi hujibu ndiyo kwanza, halafu ndipo naanza kuwaza.

Luqmani alikuwa mwanafunzi wake kwa miaka saba. Alilala katika nyumba ile, alikula sahani moja na watoto wa mjomba. Miaka kumi iliyopita kijino kile kilipotea, chuma kisichozidi kifungo cha shati, naye ndiye aliyekuwa ameiazima randa. Mjomba alimwita mwizi mbele ya watu waliokuwa wanapakia karoti barabarani. Luqmani hakubishana. Alishuka mjini, na sasa ana karakana yake Kihonda, mtaa wa tatu kutoka ninapoishi. Nikipita huzima mashine na kuniuliza swali moja tu: "Mwalimu hajambo?" Nami, kwa aibu zangu, humjibu "Hajambo" nikiwa nimeshampita.

Orodha ilitakiwa iishe juma lile. Mjomba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na Jumatatu ningempeleka hospitali mjini. Aliogopa asije akarudi haoni kabisa. Kwetu Waluguru vitu vya mjomba humfuata mtoto wa dada, na dada yake ana mtoto mmoja tu, mimi, nisiyejua hata kupigilia msumari ukanyooka. Ila chuoni nilisomea utunzaji wa kumbukumbu.

"Wewe umesomea orodha," aliniambia. "Karatasi itakaa sandukuni na randa, hata wajukuu zako waisome."

Hilo ndilo lililoniogopesha. Neno mwizi lingeshuka pamoja na sanduku, kizazi hadi kizazi, kwa mwandiko wangu.

Tulikaa barazani asubuhi, sanduku katikati yetu. Randa ile aliachiwa na bruda wa misheni aliyemfundisha kazi. Si ya kulainisha ubao. Ni moja inayofanya kazi za randa nyingi: ukiweka kisu hiki inachimba mfereji wa droo, ukiweka kingine inachora urembo kwenye fremu ya mlango. Kwenye simu nilikuwa nimehifadhi mchoro wa zamani wa randa kama hiyo, kila chuma na namba yake, maana kule juu mtandao hukatika ukungu ukishuka.

Mjomba hakuhitaji mchoro. Nilimpa chuma, akakipapasa, akakitaja. "Kisu cha robo inchi. Hiki kinazuia kisu kisizame sana. Hiki kibao kinaitembeza randa sambamba na ukingo." Nami nikaandika, nikakirudisha kwenye nafasi iliyochongwa kwa umbo lake.

"Fito mbili za chuma," nilisoma kwenye mchoro. "Nafasi zake ni tupu, mjomba."

Mama Amani, mkewe, alikuwa pembeni anamenya njegere. "Zile za mishikaki?"

"Za mishikaki," mjomba alirudia polepole. "Tangu lini?"

"Krismasi zote. Na hujawahi kubakiza."

Alizitoa jikoni, nyeusi kwa mafuta lakini bila chembe ya kutu. Kisu chenye mdomo wa nusu mwezi nacho kilipatikana kwenye kapu lake. Alikuwa anakwangulia karoti.

"Mwanamke huyu angepewa treni angeifanya kinu," mjomba alisema, na mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Nilimtazama. Kwa Mama Amani vitu vilisahaulika tu. Kwa nini kwa Luqmani viliibwa? Niliandika "fito mbili, zipo".

Ukabaki mstari mmoja.

"Gusa hapa kulia," mjomba aliniambia, akaigeuza randa tumbo juu. Kando ya chuma kulikuwa na ncha ndogo kali. "Ukipita kukatisha nyuzi za ubao, hiki kinatangulia kuzikata ili kisu kisichane. Sasa gusa kushoto."

Kushoto palikuwa bapa.

"Umeona. Andika."

Niliinamia simu ili nisishike peni. Katika mchoro kijino hakikuwa jino moja. Kilikuwa kama ua dogo la petali nne, tatu zina ncha, ya nne imekatwa fupi. Maandishi ya chini yalisema kwamba kazi ikifuata nyuzi, ile fupi igeuzwe chini, ua lisikate kitu.

Nikapitisha ukucha mahali pale bapa. Palikuwa na kitu kama ngozi nyeusi. Nta. Mjomba hupaka vyuma vyake vyote nta ya nyuki kabla ya kuvifungia, kwa sababu ukungu wa milimani hula chuma ndani ya juma. Miaka kumi ya nta na unga wa mbao ilikuwa imegeuka ngumu kama chuma chenyewe.

"Mama Amani, naomba kitambaa na maji ya moto."

"Unaiogesha randa?"

Nilikandamiza kitambaa, nikasubiri, nikafuta. Kichwa cha skrubu kilitokea kwanza. Kisha ua. Petali fupi ilikuwa chini.

"Peni imeisha wino?" mjomba aliuliza.

Ningeweza kuandika "kipo" na kufunga sanduku. Yeye asingeona. "Mjomba," nilisema, "naomba kidole chako."

Alipapasa mara moja, akarudia. Alitoa bisibisi mfukoni, akalegeza skrubu bila kutazama, akageuza ua robo mzunguko. Ncha ikatoka, ikamchoma kidole gumba.

"Nilikigeuza mimi," alisema. "Nilikuwa natengeneza fremu za kanisa, nyuzi ndefu. Jioni Luqmani akaazima, akarudisha, nikaipaka nta. Kesho yake nilishasahau, nikakosa jino. Nikatazama, sikuona kitu."

"Nta ilifunika, mjomba."

"Nta ya siku moja, Felista? Mwenye macho angeiona skrubu." Alifuta kidole kwenye suruali. "Yalishaanza kuniacha. Sikutaka mtu ajue. Fundi asiyeona, nani atampa mlango wake? Nikasema kimeibwa."

Mama Amani aliweka chini bakuli la njegere. "Yeremia," alisema tu. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo.

"Jina lake umeliandika?" mjomba aliniuliza.

"Bado. Nilianza na vingine."

Aliitikia kwa kichwa. "Namba yake ya simu unayo?"

Nilikuwa nayo. Imepakwa rangi kwenye mlango wa karakana, na kwa kupita bila kusimama nilikuwa nimeikariri. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu, nikamshikia simu.

"Shikamoo, mwalimu," Luqmani alisema aliposikia sauti ya mjomba. Mashine ikazimwa nyuma yake.

"Marahaba. Kijino kimeonekana."

"Kilikuwa wapi?"

"Mahali pake."

Nikatazama kama mtandao bado upo.

"Mwalimu, mimi niliwahi kumwaga sanduku langu lote la vifaa sakafuni," Luqmani alisema. "Zaidi ya mara moja. Nikawa nadhani labda kweli kilidondokea humo."

Mjomba alifumba macho. "Nilikuita mwizi barabarani. Jumamosi watu watakuwa palepale wanapakia. Njoo nikuite fundi wangu, wasikie. Nisamehe, mwanangu."

"Nitakuja, mwalimu." Kisha, taratibu: "Bado unaipaka nta nyingi vile?"

"Napaka."

"Punguza."

Mjomba alicheka, akafuta uso kwa kiganja. Nikaandika kwenye mstari wa mwisho: kijino cha kushoto, kipo.

Nilipoinua kichwa Mama Amani alikuwa anazichomoa fito mbili kutoka kwenye nafasi zake.

"Ziko kwenye orodha," nilisema.

"Zitarudi Jumapili. Nyama nitachukua kwa Ahmadi wa buchani, achinje yeye, Luqmani ale bila wasiwasi."

Mjomba alinyoosha mkono, akagusa nafasi tupu, akaliacha sanduku wazi.