Wajumbe wa Kuulizia Lenzi

Katika picha za Jumwa, bahari ya Diani ilionekana vizuri sana. Mawingu yalionekana. Hata kunguru aliyepita bila kualikwa alionekana, mdomo wazi. Asiyeonekana ni mgeni aliyelipia picha hizo, yule aliyekuwa akiteleza juu ya mawimbi huku akivutwa na tiara. Yeye alikuwa nukta.

Bi Hannah, meneja wa hoteli iliyokodisha tiara hizo, aliikuza picha kwenye simu kwa vidole viwili mpaka nukta ikawa nukta kubwa.

"Huyu ni nani?"

"Ni yule bwana wa ghorofani, mwenye ndevu."

"Ndevu ziko wapi, Jumwa?"

Jumwa alikuwa na stashahada ya upigaji picha, na ulimi uliomfanya mamake aseme mtoto huyu ataishia kuwa wakili au mshtakiwa. Lakini ndevu zile hata wakili asingeziona. Bi Hannah akamwambia waziwazi: kazi ya kuwapiga picha wageni msimu mzima itakwenda kwake au kwa Mutinda, mpiga picha mwenzake wa ufukweni, na Ijumaa ataziangalia picha za wote wawili. "Niletee uso. Nukta ninazo za kutosha."

Mutinda naye alikuwa na lenzi fupi tu, kwa hiyo mambo yote yaliishia mahali pamoja: lenzi ya kuvuta mbali. Ukunda nzima ilikuwapo moja, ya mtumba lakini safi, dukani kwa Bwana Kibwana, ndani ya kabati la kioo, kati ya pasi na kufuli.

Mtu mwingine angeingia, akauliza bei, akaomba apunguziwe, akalipa. Jumwa hakuwa mtu mwingine. Alijihesabu bingwa wa kupatana bei, na ubingwa huo, kama ubingwa wote wa kujipa mwenyewe, haukuwa umewahi kukaguliwa na mtu. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba muuzaji asijue unachokitaka. Jumatatu akaingia dukani, akasalimia, akaulizia kufuli za aina tatu, akaisifu pasi, kisha akaitupia lenzi jicho kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani.

"Na hicho kikopo?"

"Hiyo ni lenzi, mwanangu. Elfu arobaini na tano."

"Kikopo hicho!" Akacheka, akatoka. Mkobani alikuwa na elfu arobaini na nane, na kama angezitoa palepale hadithi hii ingekuwa fupi na yenye heshima.

Kanuni ya pili: usirudi mwenyewe. Tuma watu, mmoja mmoja. Kila mmoja aulize bei, aseme "ghali", aondoke. Muuzaji atakata tamaa, atashusha.

Jumanne alimtuma shangazi yake, Kahaso, mfuga mbuzi wa Matuga, ambaye hakuna mtu wa Ukunda aliyemjua. Alimwazima herini za dhahabu bandia na kumfundisha neno lenyewe: ghali. Kahaso alirudi ameridhika.

"Nimekaribishwa kiti. Nimepewa maji baridi."

"Bei, Shangazi!"

"Hamsini na mbili."

"Si jana ilikuwa arobaini na tano?"

"Basi wewe hukusalimia vizuri."

Jumatano alimtuma Musau, kijana wa bodaboda.

"Sitini, siz. Lakini usijali, nimemshow nina mzungu kule Galu ataichukua hata kwa mia."

"Nani alikwambia useme hivyo?"

"Si ulisema nisikae kama msee amesota, hana hata ndururu?"

Mwenye akili angekomea hapo. Alhamisi asubuhi Jumwa alimtuma Cynthia, rafiki yake wa mapokezi katika hoteli nyingine, apige simu kwa sauti yake ya kazini. Sabini.

Mchana wake aliingia dukani mwenyewe, kanuni zote mbili amezisahau njiani.

"Shikamoo, Bwana Kibwana."

"Marahaba, mwanangu. Umerudia kufuli?"

"Nimerudia kikopo. Kwani kimezaa? Jumatatu kilikuwa arobaini na tano!"

Kibwana akamsogezea kiti. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya kito ya kushonwa kwa mkono na subira ya mtu ambaye bidhaa zake haziozi.

"Watu hudhani bei hupangwa na dola," alisema. "Kweli, vitu hivi vinapanda kila mwaka. Dola, nauli ya meli, ushuru, kodi ya chumba hiki. Lakini hivyo hunipa sakafu tu. Nikiuza chini ya hapo, nyumbani tunalala na njaa. Dari mnanipa ninyi. Lenzi hii imekaa hapa tangu mwaka jana nikiipangusa vumbi. Nilikwisha kata shauri wiki hii niishushe mpaka thelathini na tano, niondoshe, niweke blenda. Mara akaja binti mmoja akizungukazunguka kwenye kufuli, wala hakugusa hata moja. Nikajiambia, jicho la huyu liko kwingine. Ngoja kwanza."

Jumwa alijikuta ameanza kuikagua pasi.

"Kesho yake akaja mama, heshima tupu, machozi yanamlengalenga. Ana mwanawe mpiga picha, asipoipata lenzi hii harusi inavunjika. Yuko tayari kuuza mbuzi."

"Mbuzi?"

"Wawili. Na beberu."

Neno moja. Alikuwa amempa shangazi yake neno moja tu la kusema.

"Akaja kijana wa pikipiki na habari za mzungu wa Galu. Leo asubuhi bibi mmoja kanipigia kwa Kiingereza cha kwenye ndege. Sasa wewe niambie, mwanangu: kitu kimelala mwaka mzima, halafu wiki moja mji mzima unakiota. Ningefanyaje?"

Jumwa aliliona soko la Ukunda limejipanga mbele yake, wateja wote wenye kiu ya lenzi, na kila mmoja alikuwa na uso wake. Hakuna aliyemshinda bei. Alikuwa amejipandishia mwenyewe, tena kwa kuazima herini. Na kesho ilikuwa Ijumaa.

"Bwana Kibwana," alisema, akiitazama sakafu, "wale wote ni mimi."

Kibwana akaisogeza kofia nyuma.

"Hata yule mama?"

"Shangazi yangu."

"Mbona alilia kweli?"

"Yule hulia hata kwa tangazo la sabuni."

Kibwana akacheka mpaka akavua kofia. Kisha akaitoa lenzi, akaanza kubandua vikaratasi vya bei kwa ukucha, kimoja baada ya kingine: Cynthia, Musau, Kahaso, mpaka akafika kwa Jumwa mwenyewe.

"Una ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Lete. Hizo tatu za juu ni za mbuzi."

"Si umesema ungeishusha thelathini na tano?"

"Ningemshushia asiyeitaka. Wewe umekuja kuiomba."

Ijumaa ndevu zilionekana, pamoja na matone ya maji ndani yake. Bi Hannah alizitazama muda mrefu, akacheka.

"Kazi ni yako. Niambie bei yako ya msimu nipeleke kwa wahasibu."

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini Jumwa alikuwa ametoka darasani kwa Kibwana jana tu, na hakuna hatari kama mwanafunzi wa jana. Kama kitu hupanda kwa kuulizwa, basi na aulizwe yeye! "Nitakwambia Jumatatu," akasema, na jioni hiyohiyo akawaamsha wajumbe wake: wapige simu hotelini kwa Bi Hannah, waulize kama yule mpiga picha Jumwa anapatikana, maana wanamtafuta sana.

Jumatatu Bi Hannah alimpokea kwa huruma.

"Pole, Jumwa. Simu hazikunyamaza. Kuna mama mmoja alilia kabisa. Nikaona, kama watu wanauza mbuzi ili wakupate, sisi tutakuweza wapi? Nimempa Mutinda. Yeye bei yake aliitaja palepale."

"Picha zake si nukta?"

"Anasema atatafuta lenzi."

Mchana huo Jumwa alikuwa kibarazani kwake akiipangusa lenzi ambayo sasa haikuwa na wa kumpiga, akijitukana kwa Kiswahili sanifu, bila kurudia tusi, aliposikia hodi. Alikuwa Kahaso, na zile herini masikioni.

"Karibu, Shangazi. Pita."

Kahaso hakupita. Alisimama kama mgeni, akaangaza macho huku na huku. "Hiki kigoda mnauza? Na hili beseni? Mmh. Na hicho kikopo, kwa mfano, mtu akitaka kukikodi?"

"Shangazi. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Kazi ni kazi."

"Amekutuma nani?"

"Tumekutana njiani. Nimekatazwa kumtaja. Yuko pale nyuma ya mkorosho."

Mkorosho ulikuwa mwembamba na Mutinda hakuwa mwembamba. Begi lake la kamera lilichomoza upande mmoja, tumbo upande wa pili.

Jumwa alifikiria sabini. Alimfikiria beberu. Kisha akaita: "Mutinda! Toka huko useme shida yako mwenyewe."

Mutinda akaja akitoka jasho. "Jumwa, wageni wanaanza kesho. Bila hiyo lenzi nimekwisha. Sema bei."

Akaisema palepale, kabla ulimi haujapata nafasi ya kuonyesha uhodari wake. "Nusu ya kazi na nusu ya malipo. Wewe asubuhi, mimi jioni. Na lenzi inalala kwangu."

Mutinda alikubali hata kabla hajamaliza kujifuta uso. Wakapeana mikono. Ndipo Kahaso, aliyekuwa amesimama kati yao akisubiri zamu yake, akaurusha mtandio begani, akamtazama mpwa wake kuanzia kichwani hadi miguuni, akalitoa lile neno alilofundishwa wiki iliyopita.

"Ghali!" akasema, akaondoka.