Mvua Iliyosingiziwa

Seremala alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kama anayepigilia misumari.

"Jumamosi saa nne naleta nyumba," alisema. "Naleta nyumba, sileti kiwanja. Nikikuta ardhi imelala upande, nageuza gari."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kuchezea: ya mbao, mlango mmoja, madirisha mawili, na paa la kumfanya mtoto asimame wima na mtu mzima aingie kama anayetafuta pete iliyoanguka. Ilikuwa ya mapacha wawili wa kike wa miaka sita. Baba yao ndiye aliyeahidi kuandaa mahali pa kuiweka, uani kwa wazazi wake, ambako mapacha walishinda kila siku wazazi wao wakiwa kazini. Lakini Jumatano baba mtu akatumwa safari ya kikazi, na kiwanja kikabaki mikononi mwa bibi wawili.

Bibi wa kwanza, mwenye nyumba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na wakati huo alikuwa likizoni. Wa pili alikuwa dada yake aliyemzidi miaka mitano, nesi mstaafu, ambaye alikuja kukaa wiki moja apumzike na akakuta jembe linamsubiri. Mapacha walimwita Bibi Mkubwa. Mtaani kwake walimwita Nesi, hata baada ya kustaafu. Yeye naye alimwita mdogo wake Kifaranga, kwa sababu utotoni alimfuata nyuma kila alikokwenda, hata chooni. Mwalimu wa miaka hamsini na mitatu, mwenye miwani na sauti ya kunyamazisha watoto sabini kwa neno moja, akiitwa Kifaranga aliitika.

Mwenye ndevu hapo nyumbani alikuwa shemeji peke yake, mume wa mwalimu, na goti lake bovu lilikuwa limemwondoa kwenye jembe na kumtupa jikoni. "Mimi nitawapikia," alisema, akiwa na furaha ambayo goti linalouma halipaswi kuwa nayo.

Alhamisi asubuhi wakaanza. Nesi alishika kazi kama alivyoshika wodi kwa miaka thelathini na miwili, kwa utaratibu na bila mzaha. Walipima mita mbili na nusu kwa mbili, wakaongeza nusu mita kila upande ili maji ya paa yasichimbe msingi. Wakapigilia vigingi vinne na kuvuta kamba. Nesi alizifunga kwa fundo la bandeji, kwani hakujua jingine. Kisha wakapima kutoka kona hadi kona, mara mbili, na vipimo viwili vilipokataa kulingana wakahamisha kigingi kimoja, wakapima tena, wakakihamisha tena.

"Kumbe hisabati unayofundisha haina matumizi," Nesi alisema.

"Hisabati ni nzima. Kigingi ndicho kimelewa."

Jirani fundi mwashi aliwaazima mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wakaujaza, kila mmoja akashika ncha moja. Maji hayana upendeleo: yaliwaonyesha kwamba upande wa ukuta uko juu kwa shibiri nzima. Basi ikawa kazi ya kukwangua majani, kuchimba upande wa juu, kusukuma udongo kwa toroli hadi upande wa chini, kuutandaza kidogo kidogo, kuunyunyizia maji, na kuushindilia kwa gogo. Du, du, du. Kisha tabaka jingine.

Ni ile harufu ya udongo ulionyunyiziwa maji iliyomrudisha Nesi nyuma. Alisimama, mkono kiunoni, na uwanja wa wazazi wao ukamjia mzima mzima: kibanda chao nyuma ya jiko, fito walizookota, kuta za maboksi, nailoni juu, na bati moja bovu ambalo baba aliwapa baada ya kuombwa mwezi mzima. Ndani mlikuwa na vikombe vya vifuniko vya chupa, na mkeka uliokatika katikati. Yeye, dada mtu, ndiye aliyekuwa mama mwenye nyumba, na tena daktari, na tena polisi pakihitajika. Kifaranga alikuwa mgonjwa. Kila siku mgonjwa. Alilala juu ya mkeka amefumba macho, akachomwa sindano ya mwiba, na hakuwahi kulia. Mama yao alipika upande wa pili wa ukuta, na moshi wake ukiingia kibandani waliuita mawingu.

"Unawaza nini, Dada?"

"Mgongo," alisema Nesi.

Mapacha nao walikuwa wamepewa kazi ya kufunga vitambaa vyekundu kwenye kamba ili mtu asijikwae. Mmoja alifunga kwa bidii. Mwenziwe alizungusha kitambaa mara moja akaona inatosha, upepo ukakichukua.

"Kaza, mwanangu, kaza!" Mwalimu akamwambia. "Mimi kwa kulegeza fundo moja niliwahi kuangusha nyumba nzima."

"Nyumba ya kweli?"

"Ya kwetu mimi na Bibi Mkubwa, ya kuchezea. Dada aliniachia kazi moja tu: kukaza kamba za paa kabla sijaenda kwa shangazi. Nikafunga tatu. Ya nne nikasema, aa, nitaifunga nikirudi. Narudi baada ya siku nne, mvua imeiangusha yote, imebaki fito na matope. Na dada keshaenda shule ya bweni." Alicheka, akapandisha miwani kwa kiwiko. "Nikamwandikia barua ya kuomba radhi. Barua yangu ya kwanza duniani. Dada akanisamehe. Hadithi hii nawafundishia watoto mwaka wa thelathini sasa. Darasani kwangu wanaiita nyumba ya uzembe."

Nesi alibaki ameshika mpini wa sepetu. Siku zote alidhani kwamba mdogo wake anaikumbuka ile barua kwa juujuu, kama watu wazima wanavyokumbuka mambo ya utotoni. Hakujua kuwa ameigeuza somo. Miaka thelathini, watoto sabini kila mwaka, wote wakiambiwa kwamba Kifaranga alikuwa mzembe.

Shemeji aliwaita mapacha kula. Mwalimu akainama kuchukua gogo.

"Kifaranga, haikuwa mvua," Nesi alisema.

"Nini haikuwa mvua?"

"Ile nyumba. Niliibomoa mimi. Jioni ile kabla ya kuondoka, kwa panga la baba. Mvua ilinyesha usiku wake, ikakuta nimeshamaliza."

Mwalimu alimtazama kama anayesubiri mzaha ufike mwisho wake. Mzaha haukufika.

"Mama alijua?"

"Alinikuta panga mkononi. Hakunipiga. Alisema tu, 'Ukimaliza okota misumari yote, mwenzako hutembea peku.' Nikaokota."

"Na barua yangu uliipata."

"Niliipata."

"Ukanijibu umenisamehe." Sauti ya mwalimu ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa. "Na chini yake ukaandika, 'Usirudie tena.'"

Nesi alichomeka sepetu ardhini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu alipoyaandika maneno hayo, kwenye bweni la wasichana arobaini, akiwa amekaa juu ya sanduku lake. Wakati ule aliona ni rahisi kusamehe kuliko kusema kweli. Na kila mwaka uliopita ulilifanya jambo hilo kuwa gumu zaidi, kama mzigo unaoongezwa kilo moja moja mpaka mtu asikumbuke aliwahi kutembea bila huo.

Mwalimu alilaza gogo chini taratibu, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa, akaingia ndani. Hakutoka tena siku ile.

Nesi alifanya kazi peke yake mpaka jua likashuka nyuma ya ukuta. Wakati wa chakula mdogo wake alizungumza na kila mtu mezani, ila na yeye alizungumza kupitia watoto. "Mwambieni Bibi Mkubwa chumvi iko hapo." Mapacha wakadhani ni mchezo mpya, wakaupokea kwa mikono miwili. "Bibi, Bibi Mkubwa anasema asante!" Shemeji alimtazama huyu, akamtazama yule, akaona heri aongeze mchuzi kwenye sahani yake kuliko kuuliza.

Ijumaa asubuhi Nesi aliamka akiwa amekata shauri. Angefunga begi lake, aage kwa heshima, apande basi la mchana. Alikuwa anakunja nguo ya pili aliposikia kwa nje: du, du, du.

Alitoka. Mdogo wake alikuwa kiwanjani, amevaa mabuti ya mumewe, anashindilia udongo kama mtu anayedaiana nao.

"Mwaka mzima niliitukana mvua," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Kila ikinyesha natoka mlangoni naitukana. Mama alikuwa ananitazama tu. Mvua ya watu nimeitukana bure."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ngoja kwanza. Usinivushe haraka." Du, du. "Kwa nini?"

Nesi alikaa ukingoni mwa toroli. Ilibidi atafute pumzi, maana jibu alikuwa nalo lakini lilikuwa dogo, dogo la aibu, halilingani na ukubwa wa kosa.

"Nilikusikia unaongea na yule binti wa jirani. Ulimwambia, 'Dada akienda, wewe ndiye utakuwa mama mwenye nyumba.' Nikaona sijaondoka bado na nafasi yangu imeshapata mtu. Basi nikasema, kama siyo yangu, isiwe ya yeyote."

Gogo lilisimama.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

Mwalimu aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini pembeni mwa mdomo palikuwa na kitu kingine, kinachojaribu kujizuia.

"Dada, nilimpa yeye kwa sababu mimi sikujua kuwa mama mwenye nyumba. Nani alinifundisha? Miaka yote nilikuwa mgonjwa! Nilijua kulala na kufumba macho, basi. Nilikuwa natafuta mtu wa kunitibu."

Nesi alitaka kulia, kikatoka kicheko, na kicheko kikageuka tena katikati ya njia. Alifunika uso kwa viganja vyenye udongo. Mdogo wake akamwacha mpaka alipotulia, kisha akaja akakaa upande wa pili wa toroli. Toroli halina adabu: likapinduka, likawamwaga wote wawili chini.

Shemeji alichungulia dirishani. "Mmeumia?"

"Pika!" wakamwambia kwa pamoja.

Walikaa palepale kwenye udongo. Wakaulizana mambo ambayo hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kuwajibu. Lile bati bovu lilikwenda wapi? Mama alilifanya mfuniko wa pipa. Yule binti wa jirani je? Aliolewa mbali, ana wajukuu. Na barua?

"Nilikaa nayo sandukuni mpaka mwaka wa tatu," Nesi alisema. "Ilikuwa na picha chini, umechora nyumba inalia machozi."

"Nilikuwa nimechora mvua, wewe."

Mchana walimwaga changarawe, wakaisawazisha kwa reki, wakapanga vigae vizito vya saruji kwenye kona na katikati, ili mbao zisigusane na unyevu. Mpira wa maji ukapitishwa tena. Maji yalitulia ncha zote mbili, sawa kwa sawa. Mwalimu alisema hajasamehe bado, ila yuko njiani, na njia ni ndefu na asisukumwe. Nesi alisema atasubiri. Akaenda ndani akazitoa nguo zake kwenye begi.

Jumamosi saa nne kasoro seremala alifika na nyumba juu ya gari. Hakusalimia kiwanja kwa haraka. Alipiga goti, akaweka kipimo chake huku, akakiweka kule, akakanyaga kona ya chini kwa kisigino kwa nguvu zake zote. Kona haikushuka.

"Nani kafanya?" aliuliza.

"Sisi," alisema Mwalimu.

Seremala aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Sawa," akasema, na kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba.

Nyumba iliteremshwa, ikakaa juu ya vigae bila kuyumba. Mapacha waliingia, wakatoka, wakafungua dirisha na kulifunga mpaka seremala akaingiwa na hofu juu ya bawaba zake. Ndipo Mwalimu akawaita, akawakalisha kizingitini, akasema ana hadithi ya kusahihisha. Aliisimulia yote: panga, misumari, barua, na jibu la barua. Hakumpunguzia dada yake hata neno moja. Nesi alisimama pembeni na reki mkononi, akaipokea kama mgonjwa anavyopokea sindano anayojua inamfaa.

Mapacha waligeuka wakamtazama kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa.

"Kwa panga?" mmoja aliuliza.

"Kwa panga."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Walinong'onezana. Kisha yule mlegevu wa kufunga vitambaa akanyanyuka, akasimama katikati ya mlango mdogo, mikono yote miwili imeshika miimo.

"Na yetu utaibomoa?"

"Siibomoi," Nesi alisema.

"Sema haki ya Mungu."

Akasema. Mtoto alifikiri, akamgeukia Mwalimu kuuliza kama bibi huyu ni wa kuaminiwa. Mwalimu alipandisha miwani, akampima dada yake kwa macho.

"Mpeni wiki moja," alisema. "Nitawaambia."

Nesi, ambaye tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya kesho yake, akaenda kumuuliza shemeji kama kuna sabuni ya kutosha, maana ana nguo za kufua.