Paipu Mbili za Pikapu ya Theuri

Karatina nzima ilimjua Mutahi kuwa fundi wa magari, lakini huku Mweiga, ukweni, alikuwa mfungwa tu. Mkewe Wangechi alikuwa amerudi kwao tangu mavuno ya viazi. Mutahi alipomfuata, baba mkwe, mzee Theuri, hakumgombeza. Alimwonyesha pikapu yake kuukuu.

"Tengeneza hii gari. Ikiwaka, utaenda na bibi yako. Mimi nimesema."

Na Theuri akisema, amesema. Wangechi hakuulizwa neno.

Basi Mutahi akaishusha injini pale kando ya zizi, akaanza kuishi kwa adabu za ukweni: asikaribie jikoni mama mkwe akiwamo, asiombe chai nyingine, asivue shati hata jua likimchoma. Hebu niambie, fundi gani hulala chini ya gari amefunga vifungo mpaka shingoni? Alichoka, akatamani kutoroka. Lakini nani hutoroka ukweni?

Injini iliporudishwa mahali pake, akakwama kwenye mafuta. Paipu mbili nyeusi, unene mmoja, zilitoka kwenye tangi: moja ya kuleta petroli, nyingine ya kurudisha inayobaki. Ile ya kuleta aliifunga uzi mwekundu kabla ya kuifungua. Sasa uzi haukuwepo. Alimshuku mama mkwe, mwanamke aliyeosha hata majembe kwa sabuni, ila kumuuliza ilikuwa aibu.

Dawa anayo kila fundi. Paipu ya kuleta huzama hadi chini ya tangi, kwa hivyo ukiipuliza, petroli hububujika. Ya kurudisha huishia juu, hutoa upepo mtupu. Akamwita Wangechi atege sikio kwenye mdomo wa tangi. Kusema kweli hakuhitaji sikio la mtu, midomo yake ingemwambia, maana ya kuleta hukaza pumzi. Alitaka tu mkewe awe karibu.

Akapuliza ya kwanza. Pumzi ikapita bila shida.

"Inabubujika," Wangechi akasema.

Akapuliza ya pili. Pumzi ikagoma, halafu petroli ikapanda na kumchoma ulimi.

"Hiyo ni upepo tu."

Mutahi akatema mate. "Sikiza tena."

"Nimesikia. Hata ule uzi ni mimi nilitoa." Wangechi alimkazia macho. "Ulifunga kibanda yangu ya kuuza ndengu Karatina, nikanyamaza. Sasa baba ananipeana na gari, ati ikiwaka niende. Si mngeniuliza?"

"Nikikuuliza sasa?"

"Nitakataa."

Hasira zilimpanda Mutahi, kisha zikamshuka zote, akabaki na uchungu. Alitaka mke wake. Alimtaka sana. Na paipu ya kweli ilikuwa mkononi mwake, kazi ya kukaza klipu mbili tu. Akimshtaki Wangechi kwa baba yake, atafokewa na bado atapakiwa garini. Geti lilikuwa likifunguliwa: Theuri alikuja na ufunguo, na majirani wawili waliotaka kuona maajabu.

Mutahi akainama, akaunganisha paipu jinsi Wangechi alivyosema.

Theuri akapiga stata. Injini ikakohoa, ikanguruma kidogo, ikazima. Akapiga tena na tena, mpaka betri ikachoka.

"Ni nini mbaya?"

"Baba, imenishinda."

Majirani wakacheka. Mmoja akauliza kwa sauti kama huyu ndiye yule fundi wa Karatina wanayemsifu. Theuri hakucheka. Alimtazama mkwewe kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa.

"Basi utaenda peke yako."

"Sawa, baba."

Mutahi akakusanya spana zake. Alipompita Wangechi, aliongea chini chini.

"Siku ukitaka iwake, badilishanisha tu hizo paipu mbili."