Siku Mbili Bila Sauti

Jumatano asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, Bi Sikio alikaa kwenye kiti chake, akapapasa kompyuta mpaka kwenye kitufe cha kuwashia, akabonyeza na kusubiri kusalimiwa. Kwa miaka tisa alikuwa akisalimiwa kila siku ya kazi: mlio mfupi, kisha sauti kavu ya kiume ikimwambia aandike nywila. Siku hiyo feni ilivuma, diski ikakwaruza, basi. Akasubiri tena. Akaandika nywila kwa kubahatisha, akabonyeza vitufe vya kuamsha programu inayomsomea skrini. Kimya. Kimya kile kilimpanda mgongoni kama siafu.

Bi Sikio alikuwa haoni tangu akiwa na miaka sita, surua ilipompitia. Alikuwa mpiga chapa wa baraza la migogoro ya ardhi. Mashahidi walirekodiwa wakitoa ushahidi, na yeye alisikiliza rekodi na kuandika neno kwa neno, huku programu ikimsomea kila alichoandika. Jina la Bi Sikio alipewa na Mwenyekiti wa baraza, siku Bi Sikio alipomnong'oneza shahidi mmoja, kwa kusikia hatua zake tu, kwamba kiatu chake cha kushoto kimeachia soli. Shahidi akashangaa, ofisi ikacheka, na mume wa Bi Sikio, ambaye ni fundi viatu, akapata mteja siku hiyo hiyo.

"Mzee Kabati," aliita, "hebu nitazamie. Hii mashine imewaka?"

Mzee Kabati alikuwa karani wa masijala, chumba cha mafaili alichofanyia kazi pamoja na Bi Sikio. Walimwita Kabati kwa sababu mafaili yote ya baraza, elfu tatu na ushee, alikuwa nayo kichwani. Alikuja taratibu, akainama.

"Imewaka. Tena inameremeta! Si jana jioni wametuwekea mfumo mpya?"

"Mbona haisemi?"

"Labda inaona haya. Ni mgeni bado."

Bi Sikio hakucheka. Alichomeka hedifoni, akazichomoa, akazichomeka kwenye tundu la nyuma. Akafungua rekodi ya ushahidi kwa vitufe alivyovizoea, nayo haikutoa hata mkwaruzo. Kwa hiyo si programu yake peke yake iliyokuwa imekufa, sauti yote ilikuwa imeondoka. Na kesho yake, Alhamisi saa nane mchana, kulikuwa na kikao cha shauri la mpaka wa shamba, na dakika hamsini za rekodi ya mfuga nyuki, shahidi mkuu, zilikuwa bado hazijaandikwa.

Akampigia fundi wa mitambo.

"Usiwe na wasiwasi, Bi Sikio," fundi alisema. "Mfumo huu ni mzuri sana. Ule wa zamani ulikuwa umeshazeeka."

"Bora mzee anayeongea kuliko kijana bubu. Nisaidie."

"Haya, nani yuko hapo wa kukusomea skrini? Mzee Kabati? Mzee, chini kulia kuna alama ya spika. Ibofye. Imeandikwa sauti inatokea wapi?"

Kiti kililia. Mzee Kabati alinyamaza kitambo kirefu kuliko neno lolote lililoweza kuandikwa pale.

"Imeandikwa spika," alisema.

"Una hakika?"

"Spika. Spika, basi."

Fundi alishusha pumzi. "Basi kadi ya sauti haielewani na mfumo mpya. Mpaka nije mwenyewe. Ijumaa."

"Ijumaa?" Bi Sikio alisimama. "Kikao ni kesho!"

"Mama, nina kompyuta thelathini na moja, na kila moja ina kilio chake. Kule uhasibu printa inatema karatasi nyeupe. Mapokezi saa imerudi nyuma miaka miwili. Ijumaa, tafadhali."

Siku nzima Bi Sikio hakukaa wala hakusimama. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliizima mashine, akaiwasha, akaizima tena. Alichomoa kila waya, akaupuliza, akaurudisha. Kila mara alimwomba Mzee Kabati amsomee kilichotokea, na kila mara mzee alimjibu, "Maneno maneno tu hapa, hayana maana," au, "Inasema subiri." Alipomsihi asome yote, mzee alikumbuka kwamba kuna mtu anamngoja dirishani.

Saa tisa Mwenyekiti aliingia. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomtisha Bi Sikio.

"Nimesikia una tatizo. Pumzika. Katibu muhtasi wangu ataimalizia hiyo kazi."

Bi Sikio alimjua katibu muhtasi huyo. Mwaka juzi, mahali pa kurasa sita za ushahidi, aliandika: "Shahidi alieleza kwa kirefu." Lakini halikuwa hilo lililomuuma. Alikumbuka siku yake ya kwanza pale, Mwenyekiti huyu huyu alipowauliza wenzake, akidhani mlango umefungwa, "Sasa huyu atafanyaje kazi?" Alikuwa amelijibu swali hilo kwa miaka tisa, na leo asubuhi moja tu ilikuwa imelirudisha mezani.

"Nipe mpaka kesho saa nne," alisema. "Isipoongea, mpe."

"Saa nne, Bi Sikio. Si na dakika moja."

Nyumbani alikula matonge matatu akasukuma sahani. Mume wake alikuwa akifuta gundi vidoleni kwa mafuta ya taa.

"Leo umekunja uso kama soli iliyolowa," alisema. "Mwambie huyo Mwenyekiti asogeze siku."

"Sijawahi kumwambia asogeze kitu."

"Basi mashine ya mwenzako, je? Si uandikie pale?"

"Nitaandika, lakini sitasikia nilichoandika. Wewe utashona kiatu umekifungia gunia?"

Hapo mume wake alikuwa amejibiwa kwa lugha yake. Akamwandalia fimbo yake nyeupe mlangoni, na asubuhi saa kumi na mbili akamsindikiza hadi kona ya barabara ya ofisi.

Jengo lilikuwa tupu. Mlinzi alikuwa anafagia ngazi. Bi Sikio alipofika kwenye mlango wa masijala alikuta uko wazi kidogo, na ndani kulikuwa na mtu. Alisimama.

"Tatu," sauti ilinong'ona. "Nne. Tano. Rafu ya pili. Moja. Mbili..."

Kati ya namba na namba kulikuwa na mchakacho mdogo, wa kidole kinachopita juu ya migongo ya mafaili. Bi Sikio aliujua mchakacho ule. Ndivyo yeye mwenyewe alivyotafuta vitabu shuleni. Hapo kichwani mwake mambo yakaanza kupangana yenyewe: mzee aliyeanza kuwaambia watu wa dirishani wataje wenyewe namba za mafaili yao, "kwa uhakika zaidi", chai aliyomwagia daftari mwezi uliopita, viti alivyovigonga na kuvilaumu.

"Mzee Kabati, unahesabu nini?"

Faili lilianguka. "Loo! Umenishtua. Napanga tu, dada."

"Jana fundi alikuuliza kimeandikwa nini. Ulisoma neno spika, au ulilisema tu?"

Mlinzi alifika mwisho wa ngazi, akagonga ufagio ukutani.

"Nililisema," mzee alisema mwishowe.

Damu ilimchemka Bi Sikio. "Siku nzima! Siku nzima nimechomoa waya kama mwendawazimu, nimetoa jasho, nimedhalilika mbele ya Mwenyekiti, na wewe unanibunia! Ungeniambia huoni, ningekwenda kumwita hata mfagizi!"

"Punguza sauti, nakuomba."

"Sipunguzi!" Lakini aliipunguza. Akafunga mlango kwa kisigino. "Tangu lini?"

Mzee Kabati alikaa juu ya ngazi ndogo ya kufikia rafu za juu. Alieleza kama mtu anayetema mwiba mmoja mmoja. Jicho la kushoto lilianza kuzibika pembeni mwaka mmoja uliopita. Daktari alisema ni presha ya macho, akampa dawa na tarehe ya kurudi. Dawa iliisha, tarehe ikapita. Alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu, na aliogopa wakijua watampa barua ya kwenda nyumbani. Kwa mfumo wa zamani alijikaza, maana herufi zilikuwa nene na nyeusi. Huu mpya umeleta herufi nyembamba kama nywele, za kijivu juu ya weupe. Tangu juzi jioni hakuwa ameona hata namba moja kwenye skrini, ndiyo maana amekuja alfajiri kuyahesabu mafaili kwa mkono.

"Hata mke wangu hajui," alisema. "Kila jioni ananiomba nimsomee ujumbe wa watoto kwenye simu. Namwambia nimechoka."

Bi Sikio alikuwa bado na hasira, na hasira ile haikumwacha kwa maneno hayo. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na kila mlio wake ulimchoma.

"Njoo hapa," alisema. "Yako na yangu tutayatatua kwa mpigo mmoja."

Kwenye chuo alichojifunzia kupiga chapa kulikuwa na wanafunzi walioona kidogo, na wao walitumia kikuzaji cha herufi kilichomo ndani ya kompyuta. Vitufe vyake alivikumbuka, ila hakujua kama mfumo mpya umeviacha palepale. Alipiga moyo konde, akabonyeza viwili kwa pamoja, mara tatu.

"He!" Mzee Kabati alirudi nyuma. "Herufi kama vigae vya paa! Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Tafuta alama ya spika. Usikisie. Ukikisia leo tutagombana kweli."

Alisikia kipanya kikisukumwa, kikikwama, kikiinuliwa na kurudishwa. Mzee alisoma herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Sauti... inatokea... Hapa kuna jina la kiwanda, na namba. Subiri. Jina hili nimeliona wapi? Dada! Ndilo lililobandikwa kwenye fremu ya skrini yako!"

"Sauti inakwenda kwenye skrini?"

"Ndivyo inavyosema."

Bi Sikio alipapasa skrini mbele, nyuma na pembeni. Haikuwa na tundu hata moja la spika. Mfumo mpya ulikuwa umejichagulia wenyewe pa kupeleka sauti, na msomaji wake wa skrini alikuwa ameongea siku nzima ndani ya kioo kisicho na mdomo.

"Kuna chaguo lingine chini yake?"

"Lipo. Spika na hedifoni."

"Bofya."

Hedifoni zikalipuka masikioni mwake. Lakini haikuwa sauti aliyoizoea. Ilikuwa ya mwanamke, yenye haraka, iliyotamka "faili" kana kwamba inapiga chafya. Yule mwanamume mkavu wa miaka tisa hakuwemo tena. Bi Sikio alishangaa kwamba mtu anaweza kuihuzunikia sauti ya mashine. Hakuwa na nafasi ya kuhuzunika. Ilikuwa saa moja na nusu.

Saa nne kamili Mwenyekiti alipochungulia, alimkuta akiandika mbio, kichwa kimeinama upande, midomo ikifuata maneno ya mfuga nyuki. Aliufunga mlango bila kusema kitu.

Alimaliza saa saba kasoro robo. Akaamuru kuchapa. Printa haikutikisika.

"Mzee!"

"Nimeshaona," alisema Mzee Kabati kwa kiburi kidogo, pua yake karibu na herufi kubwa. "Inataka kuhifadhi faili badala ya kuchapa. Nayo imejichagulia. Ngoja niirudishe kwenye printa yetu." Kurasa kumi na nne zikaanza kutoka, zikiwa moto.

Mwenyekiti alizipokea mlangoni, akazipekua. "Katibu muhtasi alikuwa ameshajiandaa," alisema. Kisha akasema ahsante, mara mbili.

Jioni ile, wakifunga madirisha, Mzee Kabati alimshika mkono. "Usimwambie mtu."

"Sitamwambia. Wewe ndiye utakayesema, na utaanzia kwa mkeo. Mwaka mzima umekwisha, mzee. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mwezi ujao."

"Leo."

Mzee alichukua mfuko wake akatoka. Ijumaa fundi alikuja, akakuta hana la kutengeneza, akauliza nani amegundua. Mzee Kabati alijifanya anatafuta faili.

Jumapili mchana simu ya Bi Sikio ililia. Alikuwa mke wa Mzee Kabati, ambaye walikutana mara moja tu kwenye msiba.

"Shoga, nikuulize. Ni kweli mume wangu alikwambia wewe kabla yangu?"

"Hakuniambia. Nilimfumania akihesabu mafaili kwa vidole."

"Miaka thelathini nalala naye kitanda kimoja. Nilidhani amenichoka." Mwanamke akapenga kamasi. "Kliniki ya macho wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili. Lakini fikeni saa kumi na mbili, foleni ni ndefu. Na usikubali aende mwenyewe, atapotelea njiani kwa makusudi."

Jumanne Mzee Kabati alirudi kazini na vichupa viwili vya dawa mfukoni. Lililopotea kwenye jicho la kushoto halitarudi, daktari alisema. La kulia litachungwa, akitia dawa asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja. Aliyasema hayo yote akiwa amesimama, hajaweka hata mfuko chini.

"Sasa naingia kwa Mwenyekiti," alisema. "Liwalo na liwe. Nikikaa tu hapa, sitainuka."

Bi Sikio alisikia hatua zake zikienda ukumbini, zikasita, zikaendelea. Kubisha hodi. Mlango kufunguliwa, mlango kufungwa. Alivua hedifoni, akatega sikio. Hakusikia kitu, maana mlango wa Mwenyekiti ulikuwa umebadilishwa na huu wa sasa ulikuwa mnene. Alingoja dakika tano. Akazunguka meza. Akangoja tena kumi. Kisha akakaa, akavaa hedifoni, na yule mwanamke wa haraka akamtajia rekodi ya shauri jipya, dakika themanini na mbili, inayotakiwa Alhamisi.