Yule wa Kwenye Picha

Mtu aliye chini ya draya hana pa kukimbilia. Ndiyo maana Jumamosi zote nafanyia kazi saluni. Sokoni watu wanapita, mikutanoni wanasinzia, lakini mwanamke mwenye roli kichwani atakaa hapo hapo mpaka nywele zikauke. Akitoka tu chini ya draya, masikio yakifunguka, mimi niko mbele yake: "Dada, kwako hakuna nafasi ya mtoto mmoja?"

Mtaani wananiita Spika. Siku za kazi nazunguka na gari la ofisi lenye spika juu, nahimiza watu walee au waasili watoto wasio na kwao. Sauti ninayo. Moyo ndio siku hizi sina uhakika nao. Tangu nimzike mama, niliyemuuguza kwenye chumba cha pili nyumbani kwangu, nimekufa ganzi. Msibani sikulia, mashangazi wakasema nina roho ngumu. Wacha waseme, mdomo ni wao. "Kila mtoto anastahili mlango wa kuingia bila kupiga hodi," natangaza, watu wanafuta machozi, na mimi nawaza kama gari lina mafuta ya kutufikisha nyumbani.

Bango letu lina picha ya msichana mdogo, miaka mitatu hivi, ana mwanya mbele, anacheka mpaka macho yamepotea. Picha ya zamani hiyo. Mkuu wa ofisi hataki kusikia habari ya kuibadilisha. "Usiguse kinacholeta watu," anasema. Na kweli inawaleta. Wanapiga simu kumuulizia yule wa kwenye picha, na dada wa mapokezi anawajibu kwa upole kwamba yule alishachukuliwa zamani, ila wapo wengine wazuri tu. Si kwamba anadanganya kwa ubaya. Ofisi nzima iliamini hivyo, maana mtoto mzuri namna ile, nani angemwacha?

Walimwacha. Niliwahi kumwambia mkuu, akanyanyua mabega: "Basi atakuwa ameshakuwa mkubwa. Watu wanataka wadogo." Mada ikaishia hapo, tukanywa chai.

Yuko kwenye kituo cha kulelea watoto mpaka leo, ana miaka kumi na moja, na Jumamosi mlezi wa kituo ananipa nitoke naye anisaidie kugawa vipeperushi. Tunamwita Bibi, kwa sababu anaongea kama mtu aliyezika waume watatu. Mwisho wa mwezi huu anatimiza kumi na mbili, na wakifika umri huo wanahamishiwa bweni la wakubwa, mji mwingine. Huko hakuna anayekwenda kutafuta mtoto. Kinachoweza kumzuia ni kimoja tu: mtu apeleke ombi la kumchukua. Ombi likishapokewa, mtoto hahamishwi mpaka lijibiwe. Bibi anaijua sheria hiyo kuliko mkuu wa ofisi.

Jumamosi iliyopita tukaingia saluni ya kona, ile yenye draya nne na moja mbovu. Nilibandika bango kwenye kioo, Bibi akaanza kugawa karatasi. "Shikamoo mama, karibu usome. Shikamoo, usiifanye ya kujipepea hiyo." Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo, akatoka chini ya draya, masikio mekundu kwa joto. Akaliona bango, akashika kifua.

"Jamani! Huyu mtoto! Shoga, hebu tazama huo mwanya." Akanigeukia. "Mimi na mume wangu tumeongea mwaka mzima. Chumba tumeshapaka rangi. Huyu ndiye ninayemtaka, dada, niambie nafanyaje."

Nilifungua mdomo nimweleze. Bibi akaniwahi. Akaziweka karatasi kwenye kiti, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Ni mimi huyo, mama."

Fundi akacheka, akidhani ni utani. Bibi akatabasamu makusudi, mwanya wote nje, akasimama kando ya bango ili alinganishwe. Kicheko kikamfia fundi mdomoni. Akatazama picha, akamtazama Bibi, akarudi kwenye picha.

"Mwanangu," akasema polepole, "mbona umekua?"

"Nilikuwa nasubiri."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayejibu kwa nini chai yake imepoa. Draya zilikuwa zinavuma, msusi alisimama na kitana hewani. Fundi wa watu akapiga magoti, akamshika Bibi mikono yote miwili, akamwambia ukweli, na mimi simlaumu: yeye alitaka mdogo, wa kumfundisha kutembea, wa kumbeba mgongoni. Wakubwa hajui kuwalea. "Unanielewa, mama yangu?"

"Naelewa," Bibi akasema. "Kituoni yupo mdogo, anaitwa Kifutu kwa sababu hana shingo. Hajaanza kutembea. Muulizie huyo." Akampa karatasi, akamwonyesha namba ya kupiga.

Mwenye saluni akaona hali imekuwa nzito, akaichangamsha kwa kunitania mimi. "Na wewe Spika, kila wiki unatugongea vichwa hapa. Wewe mwenyewe umechukua wangapi?"

Swali hilo naulizwa kila mahali, na jibu lake ninalo miaka yote. Huwa naweka mkono kiunoni, nasema mganga hajigangi, watu wanacheka, naendelea na kazi. Lakini kabla sijasema, Bibi alishaweka mkono wake kiunoni.

"Mganga hajigangi!" akasema, kwa sauti yangu ile ile ya kwenye spika.

Saluni nzima ikaangua kicheko. Bibi naye akacheka. Mimi nikabandua bango kwenye kioo, nikalikunja.

Njiani dereva aliwasha redio, akaizima. Bibi alikaa nyuma na mabaki ya karatasi mapajani. "Shangazi," akaniita, "kule bwenini wanakupa kitanda cha juu au cha chini?"

"Sijui."

"Mimi naomba cha chini. Cha juu nitaanguka."

Jumapili nilifungua chumba cha mama. Nikakung'uta godoro, nikatoa chupa za dawa, nikafuta dirisha. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilisikia njaa tu.

Jumatatu asubuhi sikuingilia mlango wa wafanyakazi. Nilipanga foleni kwenye dirisha la mapokezi kama raia mwingine. Dada wa mapokezi alikuwa ameinamisha kichwa, anatafuta muhuri wake.

"Nimekuja kwa ajili ya yule wa kwenye picha," nikasema.

"Yule alishachukuliwa zamani, mama, ila wapo..." Akainua macho. "He! Spika! Unanitania saa hizi?"

"Hajachukuliwa na mtu. Pokea ombi langu, tena ligonge muhuri hapa hapa, nikiona."

"Mbona umekunja sura hivyo?"

"Gonga muhuri, dada."

Akagonga. Mchana nikaenda kituoni. Bibi alikuwa uani anaanua nguo. Nikamwambia yote wima wima, kwa sababu kubembeleza sijui: ombi limepokelewa, watakuja kukagua nyumba, wanaweza kukubali au kukataa, lakini bwenini haendi sasa. Na nikamwambia lile baya pia. "Bibi, mimi nimekufa ganzi. Sijui kama nitaweza kukupenda vile unavyotaka."

Akaendelea kukunja shuka. "Kitanda ni cha juu au cha chini?"

"Kipo kimoja tu. Cha chini."

"Basi sawa." Akaweka shuka kwenye beseni. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe bango moja, Shangazi."

"La nini?"

"Nataka kumwambia yule mtoto."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba wamekuja."

Nikalitoa kwenye mkoba, nikampa. Akalikunjua juu ya nguo safi, akaliinamia, akasema naye kwa sauti ya chini ambayo sikuisikia. Mimi nikatafuta pa kukaa, nikakaa kwenye beseni jingine lililopinduliwa. Mguu ukitoka ganzi huwa haufurahishi, unachoma. Kifua changu kilianza kuchoma hivyo hivyo, na niliumia, wallahi niliumia.