Wasifu wa Gavana

Leokadia alikuwa amejilaza kwenye kiti cha kusafishia damu, mirija miwili mkononi, blanketi hadi kidevuni. Damu yake ilitoka, ikapita kwenye mashine, ikamrudia. Kando yake mumewe, Rugaba, alikuwa na kompyuta magotini akifuta sura ya tano ya utafiti wake.

"Umefika wapi, Baba Blessing?"

"Kwenye miguu."

"Na hiyo inafutwa?"

"Hiyo ndiyo wanayotaka ifutwe."

Sura ile ilihusu maisha ya Don Íñigo de Valdorra, Mhispania aliyevuka bahari na upanga, akateka nchi za watu, mfalme akamzawadia ugavana. Mgodi wake ulichimbwa na Waafrika. Waliotoroka wakakamatwa, gavana aliamuru wakatwe mguu wa kulia. Mikono iachwe, maana mikono ndiyo inayochimba. Rugaba hakuyatunga hayo. Gavana mwenyewe alimwandikia mfalme, tena kwa majivuno, kama mtu aliyegundua njia ya kubana matumizi.

Basi ukoo wa Valdorra bado upo hapa Marekani, na uwezo wanao. Mfuko wao ndio unaomsomesha Rugaba. Masomo yameshikilia viza, viza imeshikilia bima, na bima ndiyo mashine hiyo inayonguruma. Kwao Bukoba, mashine ya namna hiyo ni ya wenye nacho.

Profesa Halloran, msimamizi wake, alimwita ofisini wiki iliyopita na kumkaribisha kahawa. Mzee huyu hajawahi kumpandishia mtu sauti; hana haja.

"Hakuna anayekulazimisha, Rugaba. Chuoni mtu yuko huru."

"Asante, Profesa."

"Ila familia inafungua ukumbi wenye jina la gavana. Wanataka maisha yake yasomwe siku hiyo. Wameomba usome wewe."

"Kwa nini mimi?"

Profesa alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Ukisoma wewe, nani atalalamika?"

"Na sura ya tano?"

"Familia isingependa kuiona popote. Mfuko ni wao, nami siwezi kuwapangia." Akatabasamu. "Halafu wewe mwenyewe ulinifundisha: marehemu hasemwi vibaya."

Kweli alimfundisha. Watanzania wa hapa mjini Buffalo wakifiwa, Rugaba ndiye huandika na kusoma wasifu wa marehemu. Ameshaitwa hadi miji ya mbali, Columbus na Louisville, kwa sababu ya sauti yake nzito na kalamu inayojua kufunika kombe mwanaharamu apite. Mlevi, kwa Rugaba, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Aliyetelekeza watoto aliishi mbali nao kutokana na majukumu. Waombolezaji wote wanajua, na wote wanaitikia kwa kichwa, kwani aliye jenezani hawezi kujitetea. Alipofariki Gaspari, mwanafunzi mwenzake, Profesa alikuja kanisani, akashangaa mbona ugomvi wa Gaspari na chuo haukutajwa. Rugaba akamweleza mila hiyo kwa kujivuna kidogo. Mzungu akaipokea, akaiweka akiba.

"Huyu gavana hana mfiwa," Rugaba alisema sasa, akiitazama mirija. "Amekufa karne nyingi zilizopita. Nikimsitiri, namsitiri nani?"

"Mimi sijafa bado," Leokadia alijibu.

Rugaba akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Au usifute. Kisha utanisomea na mimi wasifu. Utawaambia mume wangu alikuwa mkweli."

Kwa muda mfupi Rugaba alimchukia mkewe, akamchukia kwelikweli. Kisha aibu ikampanda hadi masikioni, akamvutia blanketi vizuri, akaendelea kufuta.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa suti na manukato. Leokadia aliwekwa mstari wa mbele, amejifunga kitenge, bado mchovu wa mashine ya asubuhi. Rugaba alisoma. Gavana alikuwa jasiri. Gavana alipenda utaratibu. Gavana alisimamia wafanyakazi wake kwa uangalifu mkubwa. Sauti ilifanya kazi yake kama inavyoifanya misibani, na Bibi Valdorra, mkuu wa ule ukoo, akatoa leso.

Alipofika mwisho, mdomo haukusimama. Ulizoea njia.

"Naomba tusimame, tumkumbuke kwa dakika moja ya ukimya."

Viti vilikwaruza sakafu. Ukumbi mzima ulisimama, vichwa chini. Leokadia naye alishika mkono wa kiti, akajiinua.

Hapo ndipo Rugaba alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Hili hakuna aliyemwomba. Wale waliokatwa miguu alikuwa amewatoa bure, kwa hiari yake, na mkewe mgonjwa kama nyongeza. Na kwa mila, aliyewasimamisha watu ndiye huwaketisha, kwa neno moja la kumwombea marehemu. Neno hilo Rugaba hakulitoa.

Dakika ikapita. Mtu akakohoa. Profesa akamwinulia nyusi: malizia. Hakuna aliyekaa; walidhani ndivyo Waafrika wanavyoomboleza, wakapendezwa. Ni Leokadia tu aliyekuwa ameinua uso. Jasho lilimtiririka kipajini, uzito wake wote ukiwa kwenye kiti alichokishika, na macho yake yalikuwa kwa mumewe.

"Apumzike kwa amani," Rugaba akasema.

"Amina," ukumbi ukaitikia, na Leokadia akakaa.