Mawe Yaliyopakwa Mafuta

Hervé aliingia Nchelenge mwaka 1999 akiwa na vipande vitatu vya mawe ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Vita vilimkuta ng'ambo ya Ziwa Mweru, kwenye shimo refu lililokuwa likichimbwa kutoa mawe ya utafiti. Wenzake katika mtumbwi uliowavusha waliokoa masufuria, na mmoja cherehani. Yeye, mtu mzima mwenye shahada, aliokoa mawe. Walimcheka hadi wakachoka, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Alipanga chumba kwa Mable, mjane aliyekausha samaki. Akawa anakwenda Kabuta, kijiji cha wavuvi, kwa baiskeli kununua samaki, anarudi, anakula peke yake, analala. Mkebe ulikaa dirishani. Hakuna aliyemwuliza kilichomo, naye, kwa kiburi chake cha msomi, hakumwambia mtu.

Laiti angesema. Kwa mawe kama hayo, wataalamu walikuwa wakitafuta namna ya kuisukuma gesi ya kaboni inayotoka mitamboni, ikafungwe chini kabisa ya ardhi, ndani ya vitundu vya mawe. Mengi hutegemea ngozi ya jiwe. Jiwe likipenda maji, maji hung'ang'ania kuta za vitundu, yakaikata gesi vipovu vipovu na kuinasa humo. Jiwe lenye mafuta huyakataa maji, na gesi hupata njia ya kuteleza. Hata jasho la kidole huharibu kipimo, ndiyo maana Hervé hakuyashika ila kwa kitambaa safi.

Kisha barua ikaja. Profesa wake, aliyekuwa Ubelgiji, aliandika kwamba mawe yakifika kama yalivyotoka ardhini, kazi ya kuyapima huko ni ya Hervé. Shimo lilikuwa limeporomoka, mengine hayapatikani. Gari la misheni lingempitia Ijumaa. Hervé alimwambia Mable kwamba anaondoka na mawe yake, akaenda Kabuta kuwaaga wavuvi.

Aliporudi, mawe yalikuwa mezani, yanang'aa.

"Niliiosha, ba Hervé, nikaipakala mafuta," Mable alisema. "Mutoto hawezi kwenda safari na ngozi ya kukauka."

Ndivyo alivyowafanyia wanawe wote kabla ya kuwapandisha basi la Mansa. Wote walikwenda, hakurudi hata mmoja.

Hervé alichovya kidole kikombeni, akadondosha tone la maji juu ya jiwe. Jana lingenywewa papo hapo. Sasa lilisimama mviringo, likateleza, likaangukia meza. Akajaribu jiwe la pili, na la tatu.

Angeweza kunyamaza akayapeleka hivyo hivyo, lakini vipimo vyake vingekuwa uongo mtupu. Ijumaa alimpa dereva barua: mawe yameharibika, kosa ni langu. Gari likaondoka bila yeye.

Mable alimkuta ameketi kizingitini na mkebe wake wa mawe.

"Habakuitaka?" aliuliza, akiyatazama mawe.

"Habakuitaka, bamayo."

Mable aliketi kando yake, akachukua jiwe moja, akaligeuzageuza.

"Ile mabwe, ilikuwa ya kazi gani?"

Mwaka mzima Hervé alikuwa amelisubiri swali hilo kutoka kwa mtu yeyote, na maneno alikuwa nayo tele. Aliitazama mikono ya yule mama, ina mafuta ya jiwe lile.

"Haikukuwa na kazi, bamayo," alisema. "Nilikuwa naipenda tu."